Kipito cha Rubeho na Waliokiandika

Siku moja niliwapa watoto wa darasa la tano kazi ya kuichora njia ishukayo toka vilima vya kwetu Nyakunguru kwenda mto Mara. Njia ni ile ile moja, na kila mtoto alikuwa na karatasi moja na kalamu moja ya risasi. Nilipozikusanya karatasi zao nilistaajabu. Msichana mmoja, ambaye kila alasiri hushuka kuteka maji, aliuchora mteremko umesimama kama ukuta, na katikati yake mtu mdogo sana mwenye ndoo kichwani. Mvulana mmoja, mchunga mbuzi, aliuchora mteremko ule ule umelala kama mkeka, majani tele, na mti mmoja wa kivuli; mawe hakuyaweka hata moja. Wa tatu alikuwa mgeni, amehamia kwetu toka mjini juma lile lile, hajapata kushuka mtoni. Yeye alichora mlima mrefu wenye theluji kileleni, kama aliouona katika kitabu. Darasa zima likamcheka. Nikawauliza, "Je, katika hawa watatu ni nani aliyechora njia yenyewe?" Wakabishana hata kengele ikalia, wala sikuwapa jibu siku ile.

Leo nataka kuwapa habari za njia nyingine, iliyo mbali na kwetu, ambayo wasafiri wengi waliiandika na kuichora, nao vile vile hawakupatana.

Mnajua ya kuwa milima ikijipanga safu, mtu aliye upande huu hawezi kwenda upande wa pili ila azunguke mbali, au atafute mahali ambapo safu imeinama kidogo. Mahali hapo panapoinama, na njia ipitayo hapo, twapaita kipito. Basi katikati ya nchi yetu ya Tanzania, kati ya Kilosa na Mpwapwa, iko safu ya milima iitwayo Rubeho, na vilele vyake vingine hupita mita 2,000. Zamani nchi ile ilijulikana kwa wasafiri kwa jina la Usagara. Misafara iliyotoka Bagamoyo na Kaole kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita nchi tambarare ya pwani, ikapanda Usagara, ikashuka Ugogo. Na mahali palipowatoa watu jasho kuliko pote katika Usagara palikuwa kipito cha Rubeho.

Kwanza litazameni jina. Katika Kigogo upepo wa baridi ni *mbeho*, na Wasukuma nao husema *mbeho* kwa maana ya baridi. Linganisheni na neno mnalolitumia nyumbani kwenu asubuhi ya kipupwe, mtaona kama ni ndugu au si ndugu. Rubeho, basi, ni mahali pa upepo. Wala jina hilo si la bure. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huja na unyevu, zikigonga milima ile hazina budi kupanda. Zikipanda hupoa, na zikipoa huacha mvua upande wa mashariki. Upande wa magharibi hupata upepo mkavu uliokwisha kutua mzigo wake. Kwa sababu hii msafiri aliyepanda katika ukungu na miti mibichi, akivuka tu, huona chini yake nchi ya Ugogo, kavu, yenye miiba na mibuyu. Mtu aliyelitia mahali pale jina hilo kwa mara ya kwanza hatumjui, lakini alisema kweli kubwa kwa neno moja tu. Mimi naihesabu hiyo kuwa ndiyo picha ya kwanza ya Rubeho, ingawa haikuchorwa kwa wino.

Mwezi wa Septemba mwaka 1857 walifika chini ya kipito hicho Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke. Walikuwa wakitafuta maziwa makuu ambayo habari zake zilisikika pwani. Walikuwa pamoja na wapagazi, askari, punda, na mtu mmoja aitwaye Sidi Mubarak Bombay, ambaye nitarudi kumtaja. Kambi yao ilikuwa Inenge, kijiji kilichokuwa chini ya mlima. Hapo wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa. Burton aliandika ya kuwa alikuwa akitetemeka, kichwa kikizunguka, masikio yameziba, na miguu haikutaka kumchukua. Akaitazama njia iliyo mbele yake, akaona imesimama wima, yenye mawe yanayoviringika, hata punda hawakuweza kuipanda bila kujikwaa. Speke alikuwa dhaifu zaidi. Ilibidi watu wawili watatu wamshike. Burton alishikwa na mmoja. Walikwenda hatua chache wakapumzika, wakaenda tena wakapumzika, na baada ya saa kama sita wakafika juu.

Wakiwa bado wanapanda, walisikia ukelele wa vita ukitoka kilima hata kilima. Wahumba, watu wafugaji waliokuwa wakiviziavizia msafara uondoke, walikuwa wameingia Inenge kuteka ng'ombe. Wapiga mishale na wenye mikuki wakaonekana toka juu wakiteremka vijia vyote, wembamba na weusi kama safu za siafu. Fikirini jambo hili, wanafunzi. Kwa Burton mambo yale yalikuwa kitu cha kutazamwa toka mbali, nacho kikaingia kitabuni mwake katika maneno machache. Kwa wenyeji wa Inenge ilikuwa siku ya kupotewa na mali yao yote. Sisi tuliozaliwa katika nchi ya ng'ombe tunajua maana ya siku kama hiyo.

Juu ya mlima Speke alizidiwa. Homa ilimpanda kichwani hata akapayuka, na wenzake wakaona heri wamwondolee silaha zake asije akamdhuru mtu. Usiku wa mbili ulipokwisha akapata nafuu kidogo, wakamfungia machela, wakaendelea. Ndipo Burton, aliporudi Uingereza na kuchapa kitabu chake mwaka 1860, akakiita kipito kile njia ya kutisha. Na tangu hapo wasomaji wa Ulaya, wakisikia Rubeho, waliona akilini mwao shimo, jiwe na kifo.

Lakini tumwulize Burton kwa adabu: je, ni mlima uliotisha, au ni homa? Katika maelezo yake yeye mwenyewe anasema ya kuwa walipofika kileleni waliketi katikati ya maua yenye harufu nzuri na vichaka vya rangi ya kupendeza, wakavuta pumzi. Maua hayo yalikuwako siku ile ile ya kutisha. Msomaji asiyefika ukurasa ule hatayaona.

Tena iko sababu nyingine, nadhani. Watu wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuzoea namna fulani ya kuvitazama vipito vya milima. Katika Uswisi kuna kipito kiitwacho Gotthard, kati ya nchi za kaskazini na Italia. Mchoraji mashuhuri wa Uingereza, J. M. W. Turner, alipazuru mwaka 1802, na baadaye akapaka rangi picha zake: majabali yameinuka pande zote mbili, ukungu unapanda toka chini usikokuona, na njia ni nyembamba kama ukanda ubavuni mwa jabali. Picha za namna hiyo zilipendwa sana. Mtu aliyekua akiziona nyumbani kwao, akifika Rubeho, huleta macho yake pamoja naye. Sisemi Burton alisema uongo. Nasema kila mtu hufika mlimani na mzigo, na mwingine mzigo wake umo machoni.

Mwaka 1860 Speke alirudi. Katika safari ile ya kwanza, tarehe 3 Agosti mwaka 1858, alikuwa amelitazama ziwa letu la Nyanza upande wa Mwanza, akalipa jina la malkia wa kwao, Victoria. Naye aliamini ya kuwa mto Nile hutoka humo. Sasa alikuja kulithibitisha neno hilo, akafuatana na James Augustus Grant, Mskochi, mtu mtaratibu, mpenda mimea, na mwenye mkono mzuri wa kuchora. Wakaondoka pwani mwezi wa Oktoba, wakavuka Usagara na kushika tena njia ya Rubeho.

Safari hii Rubeho si ya kutisha sana. Speke amezoea, ana afya, na fikira zake ziko mbele, ziwani. Anaandika mambo ya kazi tu: mwendo wa siku, wagonjwa wa kurudishwa pwani, nyama ya kuwinda. Watu wa Kusini mwa Afrika aliokuja nao walizidiwa na homa, ikawa lazima baadhi yao warudi. Mlima ni ule ule, mawe ni yale yale, na hata mtu mmoja kati ya wawili ni yule yule. Lakini mwaka 1857 alivushwa akishikwa, na mwaka 1860 alivuka kwa miguu yake.

Yafaa mjue jinsi walivyofanya kazi, maana ramani nazo ni picha. Speke alipima njia kwa saa na dira. Alihesabu msafara ulikwenda muda gani na kwa mwendo gani, akatazama dira kila njia ilipopinda, na usiku akapima nyota kujua yuko mbali kiasi gani na ikweta. Kujua urefu wa mlima walichemsha maji! Pwani maji huchemka kwa digrii 100 za kipimajoto. Kila upandapo mita kama 300, hupungua karibu digrii moja, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Basi mahali penye mita 1,700 maji huchemka yakiwa kama digrii 94 tu. Kazi hii ya kuchemsha kipimajoto ilikuwa ya Grant. Ninyi nanyi mwaweza kuijaribu, mkipata kipimajoto kizuri na mwalimu wa sayansi asiyeogopa kivunjike.

Grant vile vile alichukua sanduku la kupigia picha. Katika siku zile mpiga picha hakuwa na filamu wala simu ya mkononi. Ilimpasa aingie katika hema ya giza, apake dawa juu ya bamba la kioo, alitie katika sanduku lingali bichi, apige picha, kisha akimbie kurudi gizani kuliosha. Katika joto la nchi ile hema ikawa tanuru. Speke akaona kazi ile itamdhuru mwenziwe, akavirudisha vyombo pwani. Grant akashika rangi za maji na brashi. Ni kwa ajili ya jua la Afrika, basi, kwamba tumerithi toka safari ile picha za mkono badala ya picha za sanduku.

Picha zake nyingi zimehifadhiwa hata leo katika Maktaba ya Taifa ya Uskochi, mjini Edinburgh. Ni ndogo, za utulivu. Grant alipenda kuchora jani, chombo, nyumba, mtu aliyeketi. Vitisho havikumvutia. Lakini wasomaji wa siku zile hawakuziona hizo zenyewe. Kitabu cha Speke kilipochapishwa mwaka 1863, picha za Grant zilipitia kwanza kwa wachoraji wa London, na mkubwa wao alikuwa Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyefanya kazi huko. Mchoraji wa namna yake alichukua mchoro wa msafiri, akauchora upya kwa ajili ya kipande cha mti mgumu; fundi akachonga mti ule kwa patasi ndogo, akaacha mistari imeinuka; mistari ikapakwa wino, ikagandamizwa karatasini. Mikono mitatu, na miwili kati yake haikupata kuiona Afrika. Fundi akikuta doa asilolielewa hufanyaje? Hulifanya liwe kitu anachokijua. Hapo mkumbukeni yule mtoto mgeni na theluji yake, ambaye mlimcheka.

Sasa nirudi kwa Bombay. Mtu huyu alikuwa Myao. Alitekwa utotoni, akauzwa utumwani, akachukuliwa mpaka Bara Hindi. Alipopata uhuru wake akarudi Afrika ya Mashariki. Alipanda Rubeho pamoja na Burton na Speke mwaka 1857, akapita tena Usagara na Speke na Grant mwaka 1860, akaenda na Stanley mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, na mwaka 1873 akaondoka na Cameron, wakalikata bara hili hata pwani ya magharibi. Chama cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha, na mwaka 1876 kikamwekea malipo ya uzeeni. Naye akafa mwaka 1885. Waingereza walikuja na kwenda. Bombay alizijua njia za Usagara kuliko wote. Lakini hakuacha kitabu, wala hakuna karatasi aliyoichora. Yote tunayoyajua juu yake yamo katika maneno ya mabwana wale, ambao siku moja walimsifu na siku ya pili wakamgombeza.

Na wapagazi je? Mpagazi Mnyamwezi alichukua mzigo wa frasila mbili, yaani karibu kilo 32, begani au kichwani, akaupanda Rubeho, akashuka pwani, akarudi. Wengine walifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, kabla Burton hajazaliwa. Tena walikuwako waliovuka si kwa ujira bali wamefungwa minyororo, wakielekea sokoni Unguja, nao hawakurudi. Kwa watu hawa kipito kile kilikuwa na sura gani? Labda kilikuwa mahali pa kisigino kupasuka, au mahali pa maji mazuri, au mahali ulipotazama nyuma mara ya mwisho. Burton aliandika njia ya kutisha, naye alipanda akishikwa, hana mzigo. Mimi nikiisoma sentensi ile hujiuliza ni nani aliyekuwa ameuchukua mzigo wake, na huyo angepewa kalamu angeandika neno gani.

Waswahili wenyewe walipoanza kuandika safari zao, hawakutumia maneno mengi juu ya sura ya milima. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, alisimulia maisha yake yakachapishwa mwaka 1902 na 1903. Humo mmejaa biashara ya pembe, vita, na majina ya watu. Mlima kwake ni kitu cha kupitwa. Wengine humlaumu kwa hilo. Mimi simlaumu, mfanya biashara huhesabu siku, wala haangalii ukungu.

Kipito chenyewe kilikuja kuachwa. Stanley mwaka 1871 alifuata bonde la mto uitwao Mkondoa, akatokea Mpwapwa, na misafara mingi ikapenda njia hiyo ya Mpwapwa. Wajerumani walipojenga reli toka Dar es Salaam, ikafika Kilosa mwaka 1909 na Kigoma mwaka 1914, nao hawakujaribu Rubeho. Waliingia katika bonde lile lile la Mkondoa. Mto hupata njia kabla ya mhandisi, lakini hudai malipo: mara kwa mara mafuriko yameichukua reli ile kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria hata Dodoma mwaka 2024, imetobolewa mahandaki katika milima ya Kilosa. Abiria akiwa ndani ya handaki huona kioo cheusi na uso wake mwenyewe, kisha nuru, na milima imekwisha kuwa nyuma yake.

Juu, msituni, yamebaki mambo ambayo hao wote hawakuyaandika. Mwaka 2003 wataalamu wa ndege walitoa kwa mara ya kwanza habari za kwale wa msituni aishiye katika milima ya Rubeho. Bila shaka wawindaji wa vijiji vya karibu walikwisha kumwona, na kumla.

Kazi ya juma hili. Kila mmoja achore tena njia ishukayo mtoni, na nyuma ya karatasi aandike ameipita mara ngapi, akiwa amechukua nini, na saa ngapi za mchana. Mgeni wetu ameshuka sasa mara nne. Yeye naye achore. Kisha mwende kwa wazee, mwulize majina ya mahali pote njiani toka juu hata ukingo wa mto: jiwe, mti, kona, kijito. Majina mengine hayamo katika ramani yo yote, na wanaoyajua ni wachache. Yaandikeni kama wanavyoyatamka, pamoja na maana yake, na jina la mzee aliyewaambia. Karatasi niletewe Jumatatu.